Kuvuka Upande na Kufidia Pengo: Uhakiki wa Lugha ya Kutatua Milinganyo katika Hisabati kwa Kiswahili

1.0 Utangulizi

Makala haya yanahakiki sentensi moja. Ni sentensi ambayo wengi waliosoma Hisabati kwa Kiswahili katika shule ya msingi nchini Tanzania wataitambua, kwa maneno haya au yanayokaribiana nayo: "Namba ikivuka upande, inabadili alama." Mwalimu huandika ubaoni x + 5 = 12, huonesha kwa chaki kwamba 5 imevuka alama ya ni sawa na, huandika x = 12 − 5, na jibu 7 hupatikana. Sentensi ni fupi, ina mdundo na inakaririka. Haina mwandishi wala tarehe. Hupokezanwa kwa mdomo kutoka kwa mwalimu hadi kwa mwanafunzi ambaye baadaye huwa mwalimu. Kwa sifa hizo inastahili kuchunguzwa kama unavyochunguzwa usemi mwingine wowote wa fasihi simulizi: inasema nini, inasema kwa taswira gani, na inanyamazia nini.

Sababu ya kuichagua ni ya darasani. Mwandishi wa makala haya, alipokuwa akifundisha Darasa la Saba, aliwahi kutoa zoezi lenye mlinganyo 3x = 12. Katika daftari moja alikuta x = 12 − 3, jibu 9. Katika daftari jingine alikuta 12 ikigawanywa kwa −3, jibu −4. Mwenye daftari la pili alipoulizwa, alijibu kwa heshima na bila wasiwasi wowote: "Tatu imevuka, mwalimu, ikabadili alama." Mtoto huyo hakukosea kusoma. Aliisoma sentensi aliyopewa kwa uaminifu mkubwa kuliko aliyempa.

Inafaa kutahadharisha mapema kwamba usemi huu si wa Kiswahili peke yake. Shule za Kiingereza zina usemi wenye maana hiyohiyo, na huenda wetu ulitokana na huo. Kwa hiyo uhakiki huu hauhusiani na swali la kama Kiswahili kinaweza kubeba aljebra. Swali hilo lilijibiwa kwa vitendo tangu mwaka 1967, Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali nchini Tanzania. Swali la hapa ni dogo zaidi na, kwa maoni ya mwandishi, lina uzito zaidi kwa mwalimu: katika maneno mengi ambayo Kiswahili kinayo, kwa nini tumechagua haya, na yanamfikisha wapi mwanafunzi?

2.0 Sitiari ya Kuvuka

Lakoff na Johnson (1980) walionesha kwamba sitiari si pambo la lugha tu bali ni njia ya kufikiri: dhana isiyoshikika huelezwa kwa kuazima muundo wa jambo linaloshikika. Lakoff na Núñez (2000) waliupeleka mtazamo huo katika hisabati yenyewe. Tukiutumia katika usemi wetu, kikoa chanzo ni safari na mpaka. Namba ni msafiri. Alama ya = ni kivuko au kituo cha mpakani. Upande wa kushoto ni nchi moja na wa kulia ni nchi nyingine, na kila nchi ina mavazi yake, hivi kwamba anayevuka hulazimika kubadili vazi.

Taswira ni hai, na ndiyo maana inadumu. Lakini ina maswali ambayo haiwezi kuyajibu. Kwanza, nani aliyemvusha msafiri, na kwa ruhusa gani? Usemi unatumia kitenzi kisicho na mtendaji wa kibinadamu: namba yenyewe "inavuka", kana kwamba ina hiari. Mwanafunzi ambaye ndiye anayefanya kazi haonekani kabisa katika sentensi. Pili, kwa nini vazi libadilike? Hakuna sababu inayotolewa; mpaka ndivyo ulivyo. Tatu, na hapa ndipo daftari zile mbili zinapoingia, "alama" ni ipi? Katika x + 5 alama inaonekana. Katika 3x hakuna alama iliyoandikwa kati ya 3 na x. Mtoto wa kwanza aliona hakuna alama, akachukulia kuwa ni ya kujumlisha, akaigeuza kuwa ya kutoa. Wa pili alijua kwamba 3 inazidisha na kwamba huko iendako itagawanya, ila alikumbuka pia kwamba namba yenyewe ni chanya, akaigeuza kuwa hasi. Wote wawili walitii.

Walimu wanaolijua tatizo hili huongeza kifungu: ya kujumlisha ikivuka inakuwa ya kutoa, ya kuzidisha ikivuka inakuwa ya kugawanya. Kifungu kinasaidia kwa siku chache. Kisha huja 2(x + 3) = 16, na mwanafunzi anataka kujua kama 3 inaweza kuvuka ikiwa imefungwa ndani ya mabano. Huja 12 − x = 5, na anataka kujua alama ya 12 ni ipi, kwa kuwa mbele yake hakuna kitu. Kila mara usemi huongezewa kiraka, mpaka unakuwa na viraka vingi kuliko nguo.

Kanuni ya MAGAZIJUTO, ambayo watoto huipenda kwa sababu ya sauti yake, huongeza ugumu hapa. Kanuni hiyo inataja mpangilio wa kukokotoa: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Lakini anayetatua 3x + 5 = 20 anafungua mzigo, hafungi. Kamba iliyofungwa mwisho ndiyo hufunguliwa kwanza; 5 iliyojumlishwa mwisho ndiyo huondolewa kwanza, kisha 3. Mwanafunzi anayeitumia MAGAZIJUTO kama ilivyo ataanza kugawanya, na mara nyingi atagawanya 3x na 20 huku akiisahau 5. Usemi wa kuvuka haumwambii lolote kuhusu nani atangulie kuvuka.

Je, basi usemi huu hauna thamani? Unayo, na uhakiki usiokiri hivyo utakuwa wa upande mmoja. Anayeelewa milinganyo huhamisha namba kichwani bila kuandika kila hatua, na akiulizwa atasema amehamisha. Hatua kamili ni hizi:

x + 5 = 12
x + 5 − 5 = 12 − 5
x = 7

Mstari wa kati ndio wenye hoja yote: kimetolewa kitu kimoja pande zote mbili, kwa hiyo usawa haukuvunjika. Mtaalamu anaufuta mstari huo, na kinachobaki machoni ni 5 iliyokuwa kushoto na −5 iliyopo kulia. Ndiyo inayoonekana kama safari. Kwa hakika hakuna kilichosafiri. 5 ya kushoto ilikomeshwa palepale ilipokuwa, na −5 ya kulia ilizaliwa kulekule.

Katika istilahi za ushairi wa Kiswahili, usemi wa kuvuka ni inkisari. Mshairi hufupisha neno ili litoshe katika mizani ya mshororo, na msomaji hulielewa kwa kuwa analijua neno zima. Inkisari ni uhuru wa mtu anayelijua neno. Anayekutana na umbo lililofupishwa pekee, bila kuwahi kusikia umbo kamili, hana namna ya kulirefusha atakapolihitaji. Hiyo ndiyo hali ya mtoto wa −4: tulimpa inkisari ya wataalamu tukaiita neno.

3.0 Alama ya Ni Sawa Na

Sitiari ya kuvuka isingeweza kuishi kama alama ya = ingeeleweka vizuri, na hivyo inabidi kuitazama alama yenyewe. Ilibuniwa na Robert Recorde wa Wales katika kitabu alichokichapisha London mwaka 1557. Aliamua kutumia mistari miwili sambamba yenye urefu mmoja kwa sababu aliona kwamba hakuna vitu viwili vinavyoweza kulingana kuliko hivyo. Alama hiyo ni picha: mistari miwili, hakuna ulio mkubwa, hakuna unaotangulia, hakuna mshale.

Wanafunzi wengi, katika lugha nyingi, huisoma kama mshale. Kieran (1981) alieleza jinsi watoto wanavyoichukulia alama hiyo kuwa amri ya kufanya kitu na kutoa jibu. Falkner, Levi na Carpenter (1999) waliwapa wanafunzi wa Marekani sentensi 8 + 4 = □ + 5. Wanafunzi wote 145 wa darasa la sita waliojaribu waliandika ama 12 ama 17; hakuna aliyeandika 7. Kwao = ilimaanisha "jibu linafuata".

Kiswahili sanifu cha vitabuni kinaisoma alama hii vizuri: "ni sawa na". Lakini usikilize usemaji wa kawaida darasani. "Nane jumlisha nne inakuwa ngapi?" "Unapata kumi na mbili." Vitenzi hivi viwili vina wakati ndani yake. Kitu kinachokuwa hakikuwa hivyo kabla. Kitu kinachopatikana hakikuwapo mkononi. Usawa wa 8 + 4 na 12 si tukio lililotokea baada ya mwalimu kuuliza. Alama inayosomwa "inakuwa" ni mlango, na penye mlango watu watavuka tu. Kwa hiyo semi hizi mbili zinalindana: "inakuwa" hujenga mlango, na "ikivuka" huutumia.

Inashangaza kwamba istilahi tuliyoichagua kwa dhana yenyewe haina kosa hilo. "Mlinganyo" limeundwa kutokana na mzizi uleule wa linga-, unaotoa "kulingana" na "kulinganisha". Neno "kulingana" lina -an- ya kutendana: vitu viwili, kila kimoja kikifanya kwa mwenzake. Hakuna mbele na nyuma katika kutendana. Ikiwa Juma na Asha wanalingana kimo, Asha na Juma wanalingana kimo. Mwanafunzi wa Darasa la Pili analijua hilo bila kufundishwa, kwa kuwa lugha yake imemfundisha. Kusoma x + 5 = 12 kwa maneno "x jumlisha tano inalingana na kumi na mbili" kunagharimu silabi mbili tatu zaidi, na kunauondoa mlango.

4.0 "Eksi Ni Ngapi?"

Upande wa herufi, Kiswahili kina jambo ambalo wahakiki wa lugha ya hisabati hawajalitumia ipasavyo. Küchemann (1981), akiwachunguza wanafunzi wa Uingereza, alionesha kwamba wengi huichukulia herufi kuwa kitu chenyewe badala ya idadi: a ni tofaa, b ni ndizi, na 3a + 2b ni matofaa matatu na ndizi mbili. Njia hiyo hupendwa na walimu kwa kuwa inaeleza haraka kwa nini 3a na 2b haviwezi kuunganishwa. Madhara yake huonekana baadaye. Katika swali maarufu lililojadiliwa na Clement (1982), kuna wanafunzi mara sita ya maprofesa, na wasomi wa chuo kikuu wanaosomea uhandisi huandika 6S = P, kwa kuwa wanasoma "wanafunzi sita kwa profesa mmoja". Herufi imekuwa mtu. Kumbe S ni idadi, na sahihi ni S = 6P.

Sasa tuijaribu njia ya matunda kwa Kiswahili. Machungwa matatu na maembe mawili: tukitumia herufi ya kwanza, tunaandika 3m + 2m. Mwanafunzi mwepesi atasema 5m, na m ni mananasi, mapapai au matunda yoyote upendayo. Swali la Clement likitafsiriwa kuwa la wanafunzi na walimu, herufi zote mbili ni w. Ngeli zetu, kwa viambishi vyake vya mwanzo, zinaukataa ufupisho ambao Kiingereza kinauruhusu. Mwandishi wa kitabu anayetafsiri mfano wa matofaa na ndizi hulazimika kukimbilia herufi zisizo na uhusiano na vitu, na pengine hulalamika kwamba Kiswahili kinamsumbua. Mimi naona kinamwokoa. Kinamlazimisha kusema wazi: tuseme idadi ya machungwa ni x, na idadi ya maembe ni y. Neno "idadi" ambalo Mwingereza anaweza kulimeza, Mswahili hana budi kulitamka.

Usomaji wa 2x una somo jingine. Sarufi yetu huweka namba baada ya nomino: mbuzi wawili, nyumba mbili. Mwalimu anayefuata maandishi husoma "mbili eksi", na masikio ya mtoto yanashtuka kwa kuwa hakuna anayesema "mbili nyumba". Anayefuata sarufi husoma "eksi mbili", na hapo eksi zimekuwa vitu vya kuhesabiwa kama nyumba. Isitoshe, zinachanganyika na x². Kuna usomaji wa tatu, "mara mbili ya eksi", ambao ni mrefu lakini hausemi uongo wowote. Unataja kitendo, unakiacha eksi kuwa kiasi kimoja, na unamwandaa mwanafunzi kwa 3x = 12 kama swali linalojieleza: mara tatu ya kiasi fulani inalingana na kumi na mbili. Mtoto aliyesoma hivyo hana 3 ya kuvusha. Anatafuta kiasi kimoja kati ya vitatu vilivyo sawa.

Vivyo hivyo kwa swali "eksi ni ngapi?" Huulizwa kwa mazoea, na jibu lake ni hesabu ya vitu. "Thamani ya eksi ni ipi?" huuliza jambo jingine, na humruhusu mwanafunzi kujibu robo tatu au hasi mbili bila kuona aibu.

5.0 Mizani Mbili

Dawa ambayo waandishi wengi wa ufundishaji hupendekeza badala ya kuvuka ni mizani ya sahani mbili: ukiondoa kilo moja huku, ondoa kilo moja kule. Ni sitiari bora, kwa kuwa ina mtendaji na ina sababu. Ina mapungufu yake pia. Vlassis (2002) alionesha kwamba inasaidia kuanzisha dhana ya usawa lakini hukwama namba hasi zinapoingia, maana hakuna jiwe la mizani lenye uzito wa chini ya sifuri. Kwetu kuna pungufu la pili lisilotajwa sana. Mtoto wa leo hukutana na mizani ya kuning'inia yenye mshale mmoja, au ya umeme yenye tarakimu, na nyanya hununuliwa kwa fungu au kwa kopo. Mizani ya sahani mbili kwake ni picha ya kitabuni, au alama aliyoiona katika habari za mahakama. Tunaeleza kisichojulikana kwa kingine kisichojulikana.

Lakini ipo mizani nyingine ambayo mtoto huyohuyo anaifahamu kutoka kipindi cha Kiswahili. Katika shairi la mapokeo mshororo hugawanyika ukwapi na utao, kwa kawaida silabi 8 kwa 8, na silabi hizo huitwa mizani. Mishororo inapotofautiana bila utaratibu, shairi huitwa guni. Mshairi aliyekuta silabi moja imepungua hairushi silabi kutoka upande wa pili. Anaongeza palipopungua, kwa mazda au kwa kubadilisha neno. Na akiamua kuongeza silabi katika ukwapi wa mshororo mmoja, ajue ameahidi kuongeza katika ukwapi wa mishororo yote. Ndiyo kanuni ya mlinganyo bila kupungua: uko huru kubadili upande mmoja, kwa sharti kwamba ubadili na mwingine vivyo hivyo.

Sipendekezi kwamba somo la milinganyo lianze kwa tarbia. Ninachosema ni kwamba dhana ya usawa unaodumishwa kwa fidia haina haja ya kuletwa kwa mtoto wa Kiswahili kama mgeni. Anaihesabu kwa vidole kila anaposoma shairi.

6.0 Majina Manne ya Al-Khwarizmi

Jina la aljebra lenyewe linatoka katika kitabu cha Muhammad bin Musa al-Khwarizmi kilichoandikwa Baghdad katika robo ya kwanza au ya pili ya karne ya 9, na jina la kitabu hicho lina maneno mawili: al-jabr na al-muqabala. Kitabu hakina x wala alama ya =. Kila kitu kimeandikwa kwa maneno, hata namba. Kiasi kinachotafutwa huitwa "shay", yaani kitu, au "jidhr", mzizi. Mraba wake huitwa "mal", neno lililotupa "mali". Watafsiri wa Kilatini waliita kitu hicho "res" na Waitalia "cosa". Herufi x, y na z kwa visivyojulikana zilienea baada ya Descartes kuzitumia mwaka 1637. Aljebra, basi, iliishi kwa lugha ya kawaida karne nyingi kabla ya kupata herufi.

Swali la kwanza katika sehemu ya maswali ya kitabu hicho ni hili: gawanya 10 katika sehemu mbili, hivi kwamba sehemu moja ikizidishwa kwa yenyewe, zao liwe mara nne ya zao la sehemu hizo mbili. Kwa maandishi ya leo:

x² = 40x − 4x²

Mwanafunzi wetu angesema −4x² inavuka. Al-Khwarizmi haoni kitu kinachovuka. Anaona 40x iliyojeruhiwa: imepungukiwa 4x². Anaifidia kwa kuirudishia ilichopungukiwa, na kwa kuwa upande mmoja umeongezewa 4x², upande wa pili nao unaongezewa. Kunabaki 5x² = 40x. Kitendo hicho ndicho al-jabr. Katika Kiarabu neno hilo hutumika kwa kuunga mfupa uliovunjika, na katika Kihispania cha zamani "algebrista" alikuwa mganga wa kuunga mifupa. Cervantes anamtaja mmoja katika sehemu ya pili ya Don Quixote. Mzizi wa Kiarabu unaopingana nao ni k-s-r, kuvunja, ambao ndio uliotupa inkisari. Ushairi wetu ulichukua neno la kuvunja, na hisabati ya dunia ikachukua la kuunga.

Hatua ya pili, al-muqabala, hutumika pale kitu cha aina moja kinapokuwa pande zote mbili. Katika mfano wake mwingine, 50 + x² = 29 + 10x, namba 50 na 29 zinatazamana; kilicho sawa kwa pande zote, yaani 29, kinaondolewa huku na huku, na kunabaki 21 + x² = 10x. Kiswahili kinalo neno hilohilo: "mkabala". Nyumba zilizo mkabala zinatazamana barabarani. Filloy na Rojano (1989), waliofanya utafiti wao Mexico, walionesha kwamba ugumu mkubwa huanza pale kisichojulikana kinapotokea pande zote mbili, kwa kuwa hapo mtoto hawezi tena kurudi nyuma kwa kukisia hesabu za kawaida. Katika 5x + 2 = 3x + 10 usemi wa kuvuka humsaidia kweli, na pengine hapa ndipo ulipopata sifa yake. Ila mkabala humsaidia kwa sababu: mara tatu ya x iko huku, mara tatu ya x iko na kule; ziondoe zote, kunabaki 2x + 2 = 10. Mbili iko huku, na ndani ya kumi ya kule kuna mbili; ziondoe, kunabaki 2x = 8.

Na 2x = 8? Hapa ndipo kitabu cha kale kinapoufunga mjadala wa daftari zile mbili. Al-Khwarizmi hakuiita hatua hii al-jabr wala al-muqabala. Aliipa jina tofauti kwa kuwa ni kitendo tofauti. Kupunguza 5x² hadi x² moja, huku upande wa pili ukipunguzwa kwa kiasi hichohicho, aliita al-radd. Na kuikuza nusu au theluthi hadi iwe nzima aliita al-ikmal. Kiswahili kina ndugu wa maneno hayo pia, "rudi" na "kamili". Kwa hiyo 5x² = 40x inarudishwa kuwa x² = 8x, sehemu moja ni 8, nyingine ni 2; na 64 ni mara nne ya 16. Vitendo vinne, majina manne: kufidia, kukabilisha, kurudisha, kukamilisha. Sisi tumevikusanya vyote chini ya kitenzi kimoja, kuvuka, kisha tunashangaa mtoto anapotumia kanuni ya kimoja mahali pa kingine. Katika 3x = 12 hakuna pengo la kufidiwa wala kitu kilicho mkabala na mwenzake. Kuna mara tatu ya kiasi, inayorudishwa kuwa kiasi kimoja, na 12 inarudishwa nayo kuwa 4.

Lugha hii ya kale nayo ina mwisho wake, na haitafaa kuificha. Al-Khwarizmi hakukubali jibu lililo chini ya sifuri, na ndiyo sababu aliigawa milinganyo yake katika aina sita, ili kila upande ubaki na viasi vya kujumlisha tu. Mlinganyo x + 5 = 2 kwake haukuwa swali. Hauwezi kuelezwa kwa mkabala, kwa kuwa ndani ya 2 hakuna 5 ya kuondoa. Brahmagupta wa India alikuwa ameshatoa kanuni za namba hasi mwaka 628 kwa lugha ya mali na deni, na kwa mtoto anayetumwa dukani na kuambiwa "mwambie ataandika", deni si dhana ngumu: mwenye 2 anayedaiwa 5 amebakiwa na deni la 3. Walimu wa Hisabati tayari hulitumia neno hilo wanapofundisha namba chanya na hasi, muhula mmoja kabla au baada ya milinganyo, kisha huliacha palepale somo linapobadilika.